Laini Isiyo na Kadi

Mlangoni pamebandikwa karatasi:
"Tunahamisha laini. Mtandao ukikubali."
Hilo "ukikubali" limeongezwa baadaye, kwa kalamu,
na mtu aliyechoka kulaumiwa.

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, saa nne asubuhi.
Semboja kazilaza simu mbili juu ya kitambaa cha miwani:
ya zamani, kioo kimepasuka hadi pembeni,
na mpya, bado ina ngozi ya nailoni usoni.
"Dada Mwanakombo, hii haitoki kama zile za zamani.
Hakuna kadi. Hakuna pini ya kuchokoa."

Najua. Ndiyo hofu yangu.
Kadi niliizoea: ukucha wa plastiki wenye dhahabu kidogo,
ningeifunga kwenye pindo la kanga,
ikidondoka ningepiga magoti.
Hii ikidondoka, nitapapasa wapi?

Laini ina jina langu, lakini namba ni ya mama.
Siku ile ya kusajili kwa alama za vidole
mama aliweka dole gumba, mashine ikakataa.
Akaweka cha shahada, ikakataa.
Akavifuta kwa kanga, akavipulizia,
akajaribu vyote kumi, kimoja kimoja,
kama mtoto anayefundishwa kuhesabu.
Miaka ishirini na miwili ya kupiga brashi mkonge, Kigombe,
ilikuwa imemfuta mistari yote.
"Vidole vyangu laini mno," akasema, "laini imenikataa."
Akacheka peke yake.
Nikaweka changu.

Na namba hiyo hatubadilishi.
Shekue alizamia meli ya saruji
akaondoka na suruali mbili, na namba moja kichwani.
Alipiga mara moja, kutoka Durban au karibu na Durban,
sekunde arobaini.
Aliuliza kama paka amezaa.
Mama akamweleza habari za paka, rangi kwa rangi,
mpaka ikakatika.
Huu mwaka wa tisa.

Mitandao mingine imekuja na vifurushi vya bei chee,
majirani wamehama, wamerudi, wamehama tena.
Sisi tumekaa, kama mtu asiyeiacha nyumba inayovuja
kwa sababu mgeni wake anaujua mlango ule tu.

Semboja anagusa. Simu ya zamani inauliza:
"Una uhakika unataka kuondoa laini hii?"
Kiswahili cha simu hakina haya.
Nikamwambia, bonyeza.

Kisha ya zamani ikaandika: Hakuna laini.
Na mpya ikaanza kuzungusha kiduara.

Dakika sita.
Namba ya mama haikuwa huku wala kule.
Mteja akaingia, akaulizia chaja,
akabishania mia tano,
na Semboja akageuka kumhudumia, na mimi nikamchukia
mtu nisiyemjua, na chaja yake.
Maana kama Shekue anapiga sasa hivi,
kama ndiyo leo amepata simu ya kuazima,
atamsikia yule mwanamke wa kwenye mtambo:
haipatikani.
Na yeye si mtu wa kurudia.

Kipau kimoja.
Kikapotea.
Kimoja. Viwili.
Simu ikatetemeka, ujumbe wa kwanza kabisa ukaingia:
"Ndugu mteja, unadaiwa salio la shilingi mia saba."
Nikashusha pumzi.
Deni limevuka. Basi ni sisi.

"Nijaribu kukupigia?" Semboja akauliza.
Mlio ulikuwa mgeni, kama kengele ya shule ya watu wengine.
Akanyoosha mkono akate.
"Acha iite kidogo," nikasema.

Nyumbani Makorora mama aliipokea kwa mikono miwili.
Akaigeuza mgongo, akatafuta kwa ukucha pa kufungulia.
"Namba imekaa wapi?"
"Humo humo, mama."
Akaisogeza sikioni, akaitikisa polepole
kama mtu anayechagua nazi sokoni,
akasikiliza kama ina maji.